Sura ya 6: Ganda la Chungwa

Muuza machungwa wa stendi ya Kyela anashika tunda kwa mkono wa kushoto, anaanzia kwenye kikonyo, na kisu kinazunguka bila kunyanyuka mpaka ganda linaning'inia kama utepe. Mtazame vizuri, maana kazi yake ina ufundi mkubwa kuliko malipo anayopata. Hamenyi chungwa lote. Anavua ngozi ya juu peke yake, ile ya kijani inayong'aa, na nyama nyeupe anaiacha izunguke tunda ili mteja akishakata kichwa aweze kukamua na kufyonza bila kulowesha shati. Kisu kikipita, vitone vya mafuta vinaruka hewani. Ukisimama upande wa jua utaviona, na harufu yake inakufikia ukiwa bado kwenye ngazi ya basi. Chungwa linauzwa. Ganda linaangukia kwenye ndoo, na jioni ndoo inamwagwa jalalani.

Kiungo kikuu cha sura hii ndicho hicho kinachomwagwa.

Nataka tuoke keki bapa ya ndimu na machungwa, ile inayokatwa vipande vya mraba: chini kitako cha biskuti ya siagi, juu rojo la manjano lenye uchachu, na ndani ya rojo kijiko cha pombe tamu ya machungwa. Mapishi ya namna hii yakitoka Ulaya au Marekani huja na jina la chupa. Yatakuambia utie Cointreau, au Grand Marnier, au limoncello. Mwokaji wa Kyela akifika kwenye mstari huo anafunga kitabu, kwa sababu chupa hiyo haipo kwenye duka la mtaani kwake, na hata akiipata mjini Mbeya fedha yake ingetosha mayai na siagi ya mwezi mzima. Mimi nasema haihitaji. Ndani ya chupa ile mna ganda, sukari na pombe kali. Vyote vitatu viko Kyela, na cha kwanza ni bure.

Tuitazame chupa yenyewe kwanza. Mwaka 1849 ndugu wawili, Adolphe na Édouard-Jean Cointreau, walianzisha kiwanda cha pombe katika mji wa Angers, Ufaransa. Mwaka 1875 Édouard, mtoto wa Édouard-Jean, akatoa pombe ya machungwa inayobeba jina la ukoo wao mpaka leo. Ina nguvu ya asilimia 40, na ladha yake inatokana na maganda ya aina mbili, ya machungwa matamu na ya machungwa machungu, hayo ambayo watu wa Unguja na Mombasa huyaita madanzi. Katika kisiwa cha Curaçao, kule Karibiani, Wahispania walipanda machungwa, na ardhi kame ikayafanya kuwa machungu kiasi cha kutolika. Maganda yake yakakaushwa juani yakawa mali. Kusini mwa Italia wanaloweka maganda ya malimau kwenye pombe kali, wanatia sukari na maji, wanapata limoncello. Popote pale wanachokihitaji ni ngozi ya juu.

Sababu iko kwenye tunda lenyewe. Ngozi ya juu ya chungwa, limau au ndimu imejaa vifuko vidogo vya mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni limoneni, kemikali inayotupa ile harufu tunayoijua. Juisi ina asidi ya sitriki, sukari na maji, lakini harufu yake ni hafifu. Ndiyo maana keki iliyotiwa juisi tupu inakuwa chachu bila kunukia chochote. Mafuta ya ganda hayachanganyiki na maji. Yanayeyuka kwenye pombe na kwenye mafuta mengine, siagi ikiwemo. Pombe basi imo kwenye keki hii kwa kazi maalumu: kuyatoa mafuta kwenye ganda na kuyabeba mpaka puani. Aliyetia kijiko kimoja na aliyetia glasi nzima watapata harufu zinazokaribiana, ila wa pili atakuwa amelilegeza rojo mpaka lisikatike.

Na msomaji asidharau ngozi ya kijani. Chungwa hugeuka rangi pale ambapo usiku una baridi, kwa kuwa baridi ndiyo inayoivunja ile rangi ya kijani ya ganda na kuiacha ya manjano ionekane. Ziwa Nyasa liko mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari, na bonde la Kyela lina joto usiku na mchana. Chungwa la huku, na hata la Muheza linaloletwa kwa lori, linaweza kuwa limeiva kabisa, tamu mpaka kwenye kokwa, na bado ni la kijani. Mafuta ya ganda hilo ni yaleyale. Litaipa pombe yako rangi ya majani machanga badala ya rangi ya dhahabu, na hilo halina hasara yoyote.

Haya matunda ni ya zamani kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa mwezi Aprili 1498, mabaharia wake wakiwa wametoka kuugua kwa kukosa matunda na mboga, walipelekewa kondoo, miwa, malimau na machungwa mengi kutoka kwa mfalme wa mji ule. Yaani pwani ya Waswahili ilikuwa na miti ya kuzaa kabla Mreno hajajua njia ya kuja. Miti hiyo ilikuwa imevuka bahari kutoka Asia kwa mikono ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi.

Huku ziwani wageni wa karne ya 19 walikuwa wa kila namna. Waswahili wa pwani walikuwa wamejijenga Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. Wamisionari wa Kimoraviani na wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na upande ambao leo ni Malawi Waskoti wakajenga kituo chao cha Livingstonia pale Khondowe mwaka 1894. Nawataja Waskoti kwa sababu ya biskuti. Kwao kuna biskuti ya siagi isiyo na yai wala maziwa, ni unga, siagi na sukari tu, na waokaji wao wengi huchanganya unga wa ngano na unga kidogo wa mchele ili iwe na mchangamchanga na ivunjike vizuri mdomoni. Huo mchele wanaununua kutoka nchi za mbali. Sisi tumekaa juu yake.

Mchele wa Kyela hauhitaji mpiga debe. Mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inayoshuka kutoka milimani na kumwaga udongo wake bondeni, joto la ziwa, na mbegu zenye kunukia ambazo wakulima wamezitunza wenyewe, vyote vimeufanya ujulikane Dar es Salaam nzima. Lakini mashine za kukoboa hutoa pia chenga, zile punje zilizovunjika, na chenga huuzwa kwa bei nafuu kwa sababu hazipendezi kwenye wali. Akina mama wa vitumbua wanazijua. Zisagwe ziwe unga laini na una nusu ya siri ya kitako kizuri. Unga wa mchele hauna ile nguvu ya kuvutana iliyo kwenye ngano, kwa hiyo unazuia biskuti isiwe ngumu kama ubao. Na harufu ya mchele wa Kyela inabaki humo. Ukioka, nyumba inanukia wali kabla haijanukia ndimu.

Tuingie jikoni sasa, tukianza na pombe ya ganda, maana inahitaji kukaa.

Nenda kwa muuza machungwa asubuhi, kabla ndoo haijapata vumbi. Nunua machungwa sita, yaoshe kwa maji safi na kitambaa kabla hayajamenywa, kisha mwombe akumenyee kama anavyomenyea wateja na umrudishie anayoweza kuyauza kama huwezi kuyamaliza. Sijaona anayekataa. Ongeza maganda ya malimau matatu yenye ngozi ya matuta. Geuza kila ganda utazame upande wa ndani: kama kuna nyeupe nene, ikwangue kwa kisu, kwa sababu uchungu wote unakaa humo na pombe itautoa vilevile inavyotoa harufu. Weka maganda kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mimina mililita 250 za Konyagi, funga, iweke mahali pasipo na jua. Itikise kila unapoikumbuka. Baada ya wiki mbili maganda yatakuwa yamekakamaa na kupauka, na pombe itakuwa imechukua rangi. Chuja. Chemsha gramu 150 za sukari kwenye mililita 100 za maji mpaka iyeyuke, iache ipoe kabisa, kisha changanya. Ikifanya ukungu usishtuke: ni mafuta ya ganda yanayotengana yanapokutana na maji, na ni dalili kwamba umeyapata.

Kwa nini Konyagi? Kwanza ipo. Kampuni inayoitengeneza, Tanzania Distilleries, ilianzishwa mwaka 1973, na hakuna kijiji chenye duka la vinywaji kisichoijua. Tangu tarehe 1 Machi 2017, Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba, inauzwa kwenye chupa yenye lebo na kiwango chake kinasomeka, asilimia 35. Waitaliano hutumia pombe kali zaidi, na ni kweli kwamba kadiri pombe inavyokuwa kali ndivyo inavyoyakamua mafuta haraka. Kwa asilimia 35 utangoja siku nyingi kidogo, na ladha itakuwa laini. Kwa keki inatosha.

Gongo usiitie. Nalisema hili kwa uzito wote. Pombe inayotoneshwa kienyeji haina anayeipima, na ikiwa imechanganywa na methanoli, iwe kwa tamaa au kwa kutojua, hakuna moto wa jikoni utakaoifanya salama. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini Kenya kwa pombe ya namna hiyo, wengine wakapofuka. Kimpumu nacho, pombe ya ulezi ya Wanyakyusa, hakifai hapa, kwa sababu nyingine kabisa: kina maji mengi na kilevi kidogo, hakiwezi kulikamua ganda. Kina heshima yake kwenye chungu chake.

Kitako. Chukua gramu 150 za unga wa ngano, gramu 60 za unga wa chenga, gramu 60 za sukari, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na gramu 140 za siagi. Ukipata siagi halisi ya maziwa, furahi. Rungwe, hapo juu ya mlima, ni nchi ya ng'ombe. Blue Band nayo inakubali, ila ina chumvi yake, kwa hiyo yako iache. Siagi ya Kyela saa saba mchana ni mafuta ya kumwagika. Fanya kazi hii alfajiri, au iweke siagi kwenye bakuli lililokaa ndani ya maji baridi ya mtungi. Isugue siagi ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka ufanane na chenga zenyewe, usiukande, ukandamize kwenye trei ya sentimita 20 kwa 20 iliyotandikwa karatasi ya kuokea.

Karatasi hiyo si ya urembo. Sufuria na trei zetu nyingi ni za alumini, na asidi ya ndimu inaila alumini na kuipa chakula ladha ya bati. Kwa sababu hiyohiyo rojo usilichanganyie kwenye sufuria ya alumini hata kwa dakika tano. Tumia bakuli la enameli, la kioo au la udongo.

Na udongo huku haukosekani. Mashariki ya Matema, chini ya Milima ya Livingstone, wako Wakisi, ambao wanawake wao hufinyanga vyungu bila gurudumu la mfinyanzi na kuvileta kwa mitumbwi kwenye mnada wa Lyulilo. Bakuli la Kikisi lina ukuta mwembamba kuliko unavyotegemea, na ukiligonga kwa ukucha linalia. Kwa rojo lenye asidi sijapata chombo kinachonipendeza zaidi. Hakiachi ladha, na hakipashwi joto na mikono.

Moto ndio mtihani. Mwenye oveni ya umeme aiweke kwenye nyuzi 175 na awe na mpango wa pili, maana umeme hukatika. Wengi wetu tutaoka kwa mkaa. Sufuria kubwa yenye mfuniko bapa, ndani mchanga mkavu wa ziwani unene wa vidole viwili, juu ya mchanga vigae vitatu vya chungu kilichovunjika, na trei juu ya vigae. Makaa machache chini, mengi zaidi juu ya mfuniko. Wanaopalia wali watanielewa mara moja. Joto la juu ndilo linaloivisha keki, la chini linaunguza. Kupima, weka kipande cha karatasi nyeupe ndani ukifunike kwa dakika tano. Kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, moto ni sawa. Kikitoka cheusi, punguza makaa ya chini. Kikitoka cheupe, subiri. Kitako kikae humo dakika 20 hivi, mpaka kingo zianze kupata rangi ya dhahabu.

Kitako kikiwa motoni, tengeneza rojo, na hapa mikono iwe myepesi. Mayai matatu ya kisasa, au manne hadi matano ya kienyeji kwa kuwa ni madogo. Ya kienyeji nayapenda zaidi kwa keki hii kwa sababu kiini chake ni cha rangi kali, na rojo linatoka la manjano bila msaada wa mtu. Sukari gramu 200. Kabla hujagusa yai, kwaruza ngozi ya chungwa moja na ya limau moja kwa upande mdogo wa kikwaruzio cha karoti, moja kwa moja juu ya sukari, kisha sugua sukari na ngozi kwa vidole mpaka sukari ilowe na kushikamana. Chembe za sukari zinavipasua vile vifuko vya mafuta. Harufu itakayopanda hapo ndiyo harufu ya keki yako. Kama ni hafifu, ongeza ganda sasa, kwa sababu baadaye hakuna dawa.

Tia mayai, koroga kwa uma bila kupiga. Ukipiga utaingiza mapovu, na mapovu hupanda juu yakawa utando mweupe. Tia vijiko viwili vikubwa vya unga wa ngano, koroga, kisha mililita 120 za juisi: theluthi mbili ndimu, theluthi moja chungwa. Ndimu peke yake inafanya keki ya kukunja uso. Chungwa peke yake linafanya keki ya watoto wachanga. Mwisho kijiko kimoja kikubwa cha pombe yako ya ganda. Chuja. Mimina juu ya kitako kikiwa bado cha moto, ili rojo lianze kuganda linapogusa na lisipenye chini. Punguza makaa, funika tena kwa dakika 20. Rojo la namna hii hugandia karibu na nyuzi 80. Likizidi hapo yai hukatika, likatoa maji na vitundu. Ukitikisa trei, kingo zitulie na katikati pacheze kidogo tu. Toa.

Baada ya dakika tano, keki ikiwa ya moto lakini haifuki tena, pitisha kijiko cha pili cha pombe juu yake kwa brashi au kwa mgongo wa kijiko. Usifanye hivyo juu ya makaa, pombe inashika moto. Kijiko cha kwanza kimeingia ndani na kuiva pamoja na rojo, na kimepoteza sehemu ya harufu yake kwa mvuke; cha pili ndicho kinachompokea mlaji. Kisha iache. Iache kabisa, ipoe mpaka iwe baridi, saa mbili au tatu. Ukiikata ya moto utakula uji mtamu. Kisu kipanguse kwa kitambaa cha maji ya moto kila baada ya mkato. Vipande vinatoka 16.

Sukari ya unga ya kupamba juu inyunyizwe wakati wa kuandaa mezani tu. Kwa unyevu wa Kyela inayeyuka ukiwa unaitazama. Na keki yenye rojo la mayai haikai nje siku nzima kwenye joto lile: iliwe siku hiyohiyo, au iingie kwenye friji, ambako itadumu siku tatu au nne na kwa kweli inakuwa tamu zaidi siku ya pili.

Sasa suala la kilevi. Watu wengi wanaamini kwamba pombe ikiingia motoni inaisha yote. Si kweli. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walipima vyakula vilivyopikwa na pombe, na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo imechapisha viwango vinavyotumika mpaka leo. Pombe iliyochanganywa kwenye chakula na kuokwa au kuchemshwa dakika 15 hubakiza asilimia 40 ya kilevi chake. Dakika 30, asilimia 35. Saa nzima, asilimia 25. Hata baada ya saa mbili na nusu asilimia 5 bado imo. Ikitiwa kwenye kitu kinachochemka na kuondolewa motoni hapohapo, asilimia 85 inabaki.

Tufanye hesabu ya trei yetu. Pombe ya ganda, baada ya kuongezwa maji na sukari, ina nguvu ya asilimia 20 hivi. Kijiko kikubwa ni mililita 15, kwa hiyo kina mililita 3 za kilevi. Kijiko cha kwanza kikiokwa hubakiza kama mililita 1.2, na cha pili kikipakwa juu hubakiza kama 2.6. Jumla haifiki mililita 4, na ikigawanywa kwa vipande 16 kila kipande kinapata robo ya mililita. Bia moja ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kipande kimoja basi ni kama sehemu ya mia ya bia. Hakuna mtu mzima atakayelewa.

Lakini kutokulewa si jibu la maswali yote. Yupo Mwislamu ambaye kwake kiasi hakibadilishi hukumu. Wapo Wakristo wengi wa Kyela, na makanisa yao, ambao kutokunywa ni sehemu ya imani yao. Yupo aliyeacha pombe kwa taabu kubwa na harufu tu inatosha kumrudisha nyuma. Yuko mama mjamzito, yupo mtoto. Kila mmoja wao ana haki ya kuchagua kabla hajameza, na mwokaji anayekaa kimya amemnyang'anya haki hiyo hata kama kipande chake hakina uzito wa kitu.

Mtaalamu wa jamii Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi na kufanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, kinaeleza jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao wenyewe na kula na kunywa pamoja maisha yao yote. Mlo wa pamoja ulikuwa ndio ujirani wenyewe. Kimpumu hunywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, na kila aliyezunguka chungu kile anajua kilichomo. Kuficha pombe ndani ya chakula cha watu ni ugeni katika nchi hii, na usipewe nafasi kwa kisingizio cha mapishi ya kisasa.

Kwa hiyo oka trei mbili. Ya pili iwe vilevile kila kitu, ila badala ya pombe ongeza ganda: kwaruza ngozi ya chungwa na limau jingine, isugue kwenye sukari, na uiache saa nzima imefunikwa kabla ya kutia mayai. Sukari na siagi zitabeba sehemu kubwa ya kazi ambayo pombe ingeifanya. Kwenye sherehe ya kipaimara, ambako wenye sherehe ni watoto, trei hii ndiyo iwe ya pekee. Kwenye harusi ziwekwe zote mbili, mbali mbali, kila moja na kisu chake. Bibi akinyoosha mkono na kuuliza, "Mjukuu wangu, humu umetia nini?" mjibu hapohapo: "Bibi, hii ina Konyagi kidogo, ile pale haina." Atachagua mwenyewe, na huenda chaguo lake likakushangaza.

Nawaomba hasa wanaooka kwa biashara, wanaouza kwa vipande mjini Kyela, Ipinda, Matema na kwa abiria wanaopanda meli bandarini Kiwira na Itungi: mkitia pombe, iandikeni kwenye boksi kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka. Na mkipita stendi, mwambieni yule muuza machungwa kwamba maganda yake safi ya asubuhi mtayanunua.